Uzi Mwekundu Kikombeni

Dada yangu,

Barua yako imefika. Cherehani imepata mkanda mpya, na mama bado anabishana na redio.

Uliuliza kuhusu homa ya ini. Dawa nameza kila siku, na daktari anasema ini halijazidi kuharibika. Alisema pia kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe. Nilimsikia, lakini nilifunga uzi mwekundu kwenye kikombe changu ili mtu asikosee, nikahamia chumba cha kushonea kula peke yangu. Huko niliweza kukaa hadi adhuhuri bila kutunga sindano. Dada, nilikuwa natamani nisiamke. Sijamwambia mtu ila wewe.

Juzi nilikuta vikombe vyote sita vya nyumbani vimefungwa uzi mwekundu. Wifi yako alikuwa anamimina chai.

"Kipi changu?" nikamuuliza.

"Fundi mzima hujui kazi ya mikono yako? Chagua, chai inapoa."

Mama alishachukua kimoja, anakunywa.

Nilichukua kimoja, nikakaa nao mezani. Leo jioni nitamwambia wifi yako hili nililokuandikia, na kesho nitaenda naye kwa daktari.

Mdogo wako,
Fundi