Udongo Ulioanikwa

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Walionikera leo ni kuku, wala si mama mkwe. Najitahidi kuamini hivyo.

Asubuhi nzima nimepika kwa mvuke udongo wa kufunikia mifuko ya uyoga, ili kuua mbegu za ukungu, ndani ya pipa, na kiazi katikati cha kunionyesha kama joto limefika. Kikaiva. Nikaliacha pipa limefunikwa lipoe, nikaenda kuteka maji.

Narudi, nakuta udongo umetandazwa uani juu ya majani ya migomba kama kimea cha pombe, na kuku wanachakura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuanikia udongo wako, usije ukachacha."

Nikamshukuru. Ningesema nini? Amepika pombe ya mtama tangu hajaolewa.

Lakini uani udongo huokota ukungu upya, na mara ya kwanza ukungu wa kijani ulimaliza mifuko yangu yote. Mifuko ya sasa imeshajaa utando mweupe wa uyoga, haiwezi kungoja udongo mwingine kutoka bondeni. Nikaurudisha ule wa uani pipani kuupika upya, nikamdanganya kwamba haukuiva vizuri.

Akaleta kuni kutoka jikoni kwake, kisha akakaa kando ya pipa na fimbo, akifukuza kuku mpaka jua likazama.

Kesho asubuhi nafunika mifuko. Kama nimeupika kupita kiasi nikaua hata vijidudu vinavyouzuia ukungu, au kama mikono yangu yenyewe imeubeba...

Ukungu ukitokea safari hii, sina hata kuku wa kumsingizia.