Chunjua za Rukia

Jumatatu, 8 Machi 1954
Asubuhi kama kawaida. Chai, mkate wa kumimina wa jana, kisha mikono ya Rukia kwenye bakuli la maji ya mwarobaini. Halafu utomvu wa papai, chunjua moja moja, vinundu vigumu vya ngozi. Zimejaa vidoleni mikono yote miwili, na sasa nyingine inachungulia kidevuni. Analia kidogo, ananyamaza. Ana miaka minne. Marehemu dada yangu Asha kaniachia huyu tu. Baba yake yuko Pemba na mke mwengine, salamu zake huja kwa msimu kama karafuu.

Nikafungua kibanda Mlandege. Stovu mbili, zote pampu mbovu. Hapa mjini Unguja hapana fundi wa stovu kama mimi. Niliwahi kutengeneza ya nahodha wa Kijerumani huku inawaka. Alilia kwa furaha.

Alhamisi, 11 Machi
Mwalimu wa chuo cha Kurani kamrejesha Rukia. Watoto hawataki kukaa naye mkeka mmoja, wanaogopa kuambukizwa. Kasema kwa adabu, lakini kasema.

Nikampeleka hospitali. Kijana mmoja wa dawa kaitazama mikono, akasema ziache, zitaondoka zenyewe. Lini? Hajui. Pengine miezi, pengine mwaka. Mtu kasoma kote kule ili aje kuniambia niache! Mimi niliyemng'oa papa jino akiwa hai, pale karibu na Chumbe.

Jumapili, 14 Machi
Kaja Bi Shemsa, mama wa baba yake Rukia. Katoka Mpendae kwa miguu, juani, na kikapu cha mbatata kichwani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku macho yako mikononi mwa mtoto.

"Saleh, mwanangu, hii mikono au maganda ya fenesi?"

"Nnamtibu, Bi Shemsa."

"Unamtibu kwa nini? Kwa hadithi?"

Kanywa chai, kaweka kikombe chini taratibu. Kasema mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake, na stovu zake. Kasema chunjua zisipotoka kabla ya Ramadhani anamchukua. Hana ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningemshinda.

Ijumaa, 19 Machi
Chumvi. Marehemu mama alikuwa akifanya hivi. Chembe moja kwa kila chunjua, unasugua, mtoto anaitupa kisimani na kuondoka bila ya kugeuka. Rukia kageuka. Alitaka kuisikia ikianguka. Tukaanza upya. Kageuka tena, anacheka. Na mimi nikacheka.

Jirani Bi Kibibi katoa kichwa dirishani: "We Saleh! Chumvi zako zimalize huko barazani, kisima hiki twanywa sote!" Rukia kaishika siku nzima, "chumvi zako, chumvi zako." Siku njema.

Jumanne, 30 Machi
Hazijatoka. Zimezidi. Barazani mtu kasogeza kikombe chake cha kahawa nilipokaa na Rukia mapajani. Nimemwona. Kajifanya anatafuta kivuli.

Nimepata dawa. Nimewaambia wa barazani nilifundishwa na tabibu wa Bombay niliyemwokoa asizame. Hapana tabibu. Nimekumbuka tu utotoni, shamba Mbweni, nilivyouma korosho mbichi na ganda lake. Mafuta yale yalinibabua mdomo, ngozi ikatoka nzima nzima, chini yake ikaja mpya laini. Basi kama yamevua ngozi ya mdomo, chunjua ni nini?

Maganda ninayo. Nimeyapasha juu ya makaa, kwenye kopo. Mafuta meusi yametoka, mazito. Kesho kwa ncha ya unyoya wa kuku.

Jumatano, 31 Machi
Nimemuunguza.

Nilimwambia itawasha kidogo, mjomba wako yupo. Kaniamini, kanyoosha mikono mwenyewe. Kwanza hakulia. Nikazidisha.

Malengelenge mpaka viganjani. Hospitali wamemfunga vitambaa. Yule kijana kaosha mikono, kaita mgonjwa mwengine. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 3 Aprili
Nikiita "Rukia!" huitika "Labeka, Mjomba!" hata akiwa ngazi ya mwisho chini. Tangu Jumatano haitiki. Anakuja, anasimama mbali, mikono nyuma.

Bi Shemsa kafika mchana. Habari kaipata njiani, mji huu hauna mlango. Nilitengeneza maneno tangu asubuhi: nyuki, chai imemwagika. Kaniuliza, "Nini hiki, Saleh?" Nikasema, "Mimi." Hakungoja Ramadhani. Kafunga nguo za Rukia katika kanga, kambeba mgongoni. Mtoto kalaza shavu, hakulia. Ningetaka alie.

Jumapili, 18 Aprili
Stovu nne leo. Sikumbuki za nani.

Barazani wananiambia nisimulie ile ya papa. Sikuwa na hamu. Chumba kimekuwa kikubwa. Nimenunua mkate mmoja, nusu umelala.

Alhamisi, 29 Aprili
Nimekwenda Mpendae. Nimechukua kashata za nazi, zile anazopenda.

Rukia alikuwa uani anakuna kifuu mchangani, anajifanya anapika. Niliita kwa sauti ndogo, nisije nikasikia kimya. "Rukia."

"Labeka."

Hakusema Mjomba. Lakini kaitika. Kaja, kanyoosha mikono. Hapana chunjua hata moja. Kidevuni pia hapana. Palipoungua pana mabaka meupe, basi.

Nikamuuliza Bi Shemsa kampaka nini. "Sijampaka kitu, mwanangu. Sikuwa na nafasi. Mkono umepona kidonda, hizo nyengine siku moja nkaangalia, hazipo." Kasema bila ya kunisuta. Mtoto kashazoea, ana kuku wake, ana wenziwe wa chuoni. Sikumuomba anirejeshee. Nilikuja na maneno ya kuomba, nimerudi nayo.

Kashata kala mbili. Moja kanitia mimi mdomoni, kwa mkono wake.

Jumatatu, 3 Mei
Watu wanangojea mwezi wa Ramadhani, labda leo, labda kesho. Nimefunga kibanda mapema. Nimepiga deki, nimesugua bakuli la mwarobaini, nimelifunika kabatini.

Kidole changu cha gumba, cha kulia, kimeota chunjua. Ndogo, ngumu. Niliihisi nikishika koleo. Imetoka kwake, hapana pengine, ni mimi niliyekuwa nikimwosha.

Barazani wameiona. "Haya tabibu wa Bombay, jitibu basi tuone!" Wamecheka sana. Nami nimecheka.

Siipaki kitu. Nnaiacha ikae.