Mgeni Mwenye Viatu vya Jeshi

Drani, mjukuu wangu,

Hapa Arua hatujambo. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike. Unaniuliza utawaaminije watu wa huo mkutano wa kuacha pombe, wasije wakayapeleka maneno yako kazini.

Wakati wa utawala wa wanajeshi, waragi, ile pombe kali yetu, ilikuwa imenishika. Mama mmoja Mkongo, muuza vitenge aliyeacha kunywa, alitukusanya walevi wanne kwake Manibe kila Jumapili baada ya misa. Siku hizo watu wakikaa pamoja walishukiwa.

Jumapili moja akaingia mwanamume kutoka Koboko, amevaa viatu vya jeshi. Tukadhani ni mpelelezi wa serikali.

"Mimi iko kusikiliza tu," akasema.

"Hapa hakuna mutu ya kusikiliza tu," Mama akamjibu. "Sema, ao toka."

Akainama. "Nikikunywa, napiga bibi. Alikimbia na watoto, iko kwa baba yake, kule Ludara."

Akalia. Mimi sikumwamini, maana hata mpelelezi anaweza kulia. Lakini zamu yangu ilipofika, kiu ilinitisha kuliko yeye. Nikasema yote, hata nilivyomwacha baba yako na homa nikaenda kunywa.

Wiki nzima nilisikiliza kama gari la wanajeshi linakuja kunichukua. Halikuja. Yeye alirudi kila Jumapili, mpaka vita vikatutawanya.

Hata leo sijui alikuwa nani, na sikumwamini hata siku moja. Lakini nilisema mbele yake, na waragi sikuirudia.

Nenda tu, baba. Imani ikichelewa, wewe usichelewe.

Bibi yako anayekuombea,
Ayikoru