Mwangukaji wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kamati ya maadili ya chuo imenipa daftari la kuandika maumivu. Kila nikianguka niandike: pameuma wapi, kwa muda gani. Nina miezi minne nalo sasa, hakuna aliyewahi kuliomba. Na siumwi popote. Basi nitaandika mengine, karatasi zisiende bure.

Leo nimeanguka mara thelathini na mbili. Ubavu wa kushoto kumi na mbili, wa kulia kumi, zilizobaki chali. Injinia anahesabu, mimi naanguka, kompyuta inajifunza. Ndiyo kazi. Miaka kumi na tisa nilikuwa kipa, na nikianguka bila mpira uwanja mzima unanizomea. Sasa naanguka bila mpira na watu wenye digrii wanasema asante, rudia.

Kifaa chenyewe ni bangili nyeusi. Ndani ina kidude kinachohisi mwendo wa mkono. Mzee akiivaa akaanguka, inawaka nyekundu na simu za watoto wake zinapata ujumbe. Akiwa salama, kijani. Lakini ili ijue kuanguka ni nini lazima ionyeshwe watu wakianguka, na kamati imekataa wazee kuangushwa. Hapo niko upande wa kamati. Ndipo wakatafuta mtu anayejua kuanguka asivunjike, na mlinzi wa geti, ambaye aliwahi kunifunga penalti mbili, akanitaja.

Profesa alipanda huku kwetu ghorofa ya tatu saa tano. Mimi hakunitazama, alitazama kioo cha kompyuta. Inapatia tisini na nane kwa mia! Akampongeza Injinia, akaondoka. Nilikuwa bado nimelala kwenye godoro.

Alhamisi, 6 Machi

Dada yangu mkubwa amepiga simu tena. Habari ni ile ile: Mama ahamie kwake. Kwake ni siku nzima ya basi. Mama ana miaka sabini na tisa, anaishi peke yake kwenye vyumba vyake viwili, dakika kumi kwa miguu kutoka hapa, na hataki kusikia. Humo nitatolewa nimelala, ndivyo anavyosema, na hamaanishi usingizi.

Dada kauliza: akianguka ndani peke yake, nani atajua? Nikamwambia habari za bangili. Nikamwambia anayeifundisha ni mimi. Nadhani sauti ilinenepa kidogo.

Tumekubaliana hivi: Mama avae bangili, na ujumbe uende kwangu na kwa Dada. Mwezi mzima wa kijani, Mama anabaki kwake na Dada hafungui tena mdomo. Nyekundu hata moja, Dada anapanda basi kuja kumchukua. Dada akisema anapanda basi, anapanda.

Injinia amefurahi kupata mzee wa majaribio. Mama ametia sahihi fomu baada ya kuuliza mara tatu kama kuna kamera. Orodha ya ndugu wa kupigiwa nimeijaza mimi. Wa kwanza nimemweka Dada, kwa heshima ya ukubwa.

Mke wangu kaniuliza: wewe umeifundisha nini hiyo bangili, si unaanguka tu? Nimemwambia mwalimu ni mwalimu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kumwona Mama saa nne asubuhi. Yuko sakafuni jikoni. Mgongo ukutani, miguu mbele, kanga imepanda magotini, maharage yametapakaa mpaka chini ya meza.

Shikamoo Mama. Marahaba. Mbona uko chini?

Nimekaa.

Kiti kipo hapo hapo, hatua moja.

Akanitazama kama mimi ndiye mwenye tatizo. Sikuanguka, akasema. Nilikaa bila kupanga.

Tangu saa ngapi? Akasema tangu redio ilipokuwa inasoma taarifa ya habari. Saa mbili! Na mkononi bangili yangu inawaka kijani, imetulia kabisa.

Nilimwinua. Ni mwepesi, na sikupenda alivyokuwa mwepesi. Tukaokota maharage. Mlangoni akanishika mkono wa shati: dada yako asijue.

Nimerudi. Mke wangu: Mama hajambo? Hajambo. Akaendelea kunitazama. Mficha maradhi, akasema, kifo humuumbua. Sijui huyu mwanamke huwa anajuaje.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Injinia. Nilifikiri atasema betri.

Aliacha kutafuna karanga. Kibodi yake imejaa maganda, na yakipungua ujue siku ni mbaya. Akaitafuta Jumapili ya Mama kwenye kompyuta: mstari unateremka taratibu, basi. Mashine imeandika: amekaa. Mashine na Mama wameelewana.

Kisha akafungua kuanguka kwangu. Kila mstari wangu una kinundu kidogo kabla ya kushuka. Akafungua mwingine, kinundu. Mia nane na kitu, vinundu mia nane na kitu.

Unaruka, akasema.

Siruki.

Unaruka kwanza, halafu ndiyo unaanguka.

Akaniwekea video. Naruka. Si hivyo tu, mkono mmoja uko juu, vidole vimekunjuka, naufuata mpira ambao haupo. Miezi minne watu watatu wenye shahada tumeitazama hiyo video (mimi sina, lakini nilikuwepo) na hakuna aliyeona. Ile tisini na nane walinipima mimi kwa mimi.

Kwa kifupi, tumetengeneza bangili ya kuwalinda makipa wastaafu. Wazee wengine wajitegemee.

Nilicheka. Injinia hakucheka. Miaka mitatu ya masomo yake imo humo ndani. Akafuta kibodi kwa kiganja, maganda yote yakaenda sakafuni, akasema tu: basi.

Jumatano, 12 Machi

Profesa ameambiwa. Swali lake la kwanza: nani mwingine anajua? La pili: je, kitabu cha maelezo hakiwezi kuwashauri watumiaji namna bora ya kuanguka?

Injinia akamtazama hadi akakohoa.

Basi tumepewa wiki moja. Alhamisi ijayo wafadhili wanakuja, na Jumatatu baada yao wazee kumi na wawili watavalishwa bangili majumbani. Tarehe hazisogei, eti barua zilishatoka.

Tumeanza upya. Anguka kama mama yako, Injinia ananiambia. Nimejaribu. Kinundu. Nimelegea. Kinundu. Nimefumba macho nikafikiria madeni yangu yote, nikajiacha niende. Kinundu, na kirefu kuliko vyote. Mwili huu uliajiriwa ukiwa na miaka kumi na minne, na hakuna aliyeuambia kwamba nimestaafu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo sikwenda maabara. Nimekwenda kusoma.

Nilimweleza Mama shida yangu: natakiwa kuanguka kizee na siwezi. Nilitegemea anifukuze. Akaniambia nifunge mlango, nivue viatu, nisimame kando ya kitanda.

Goti ndilo linaloanza kukataa, akasema. Halipigi kelele. Unaliambia twende, linanyamaza. Mkono unatafuta pa kushika, na pa kushika siku zote ni mbali kidogo. Mbali kidogo tu. Hapo kati unajua kwamba unakwenda. Huna haraka. Unakwenda.

Nikaanguka. Akakunja uso. Mkono huo unaurusha wa nini, unamwita nani?

Tena. Akasema nimeanguka kama mtu anayetarajia kuinuka.

Tena. Ya kumi na ngapi sijui, nikasikia mgongo unateleza kwenye ubao wa kitanda, makalio yakafika chini yenyewe, polepole, na nikabaki pale bila wazo lolote. Mama akasema: ndiyo hiyo.

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikamuuliza, nikiwa bado chini: Mama, haya yote umeyajuaje?

Aisifuye mvua imemnyea, akasema.

Imekunyea mara ngapi?

Akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Akauliza hili ni somo au ni mahakama. Nikamwambia somo. Akasema basi somo limekwisha.

Nimetembea kurudi nyumbani kwa njia ndefu. Naogopa. Niandike wazi, si daftari langu? Naogopa kwamba Dada yuko sahihi.

Jumatatu, 17 Machi

Kuanguka hamsini na nne. Hakuna kinundu hata kimoja! Injinia alisimama akanipigia makofi peke yake. Godoro tumeliondoa, halihitajiki, sasa nateremka ukutani kama rangi mbichi.

Kipimo kipya: sabini na moja kwa mia. Profesa amekunja sura, namba imeshuka. Injinia amekula karanga mfuko mzima. Anasema ile ilikuwa tisini na nane ya uongo, hii ni sabini na moja ya kweli.

Ameongeza kitu. Bangili ikiwaka nyekundu inatetemeka sekunde thelathini kabla ya kutuma ujumbe. Aliyeivaa akiona imekosea, anabonyeza kitufe, ujumbe hauendi, na mashine inaandika kwamba ilikosea. Halafu inajifunza kutokana na kosa lake. Nikasema laiti na sisi tungekuwa hivyo. Injinia akasema usifanye falsafa, mpelekee mama yako bangili mpya.

Nimempelekea. Amenyoosha mkono bila kuuliza kitu. Nimemfunga mwenyewe.

Jumatano, 19 Machi

Niko kwa Mama, kwenye meza ya jikoni. Saa kumi na nusu jioni. Naandika upesi.

Nilifika saa tisa kumbadilishia balbu. Niko juu ya kiti, yeye yuko chumbani anatandika kitanda, mlango wazi. Sikusikia kishindo. Nilisikia mtetemo.

Nikageuka. Yuko chini kati ya kitanda na kabati, kaegemea, mkono mmoja umebanwa chini yake. Na kwenye mkono mwingine, nyekundu.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, mama yangu yuko chini na mimi nimefurahi kama nimeokoa penalti. Imejua! Nilichoshindwa kuifundisha kwa mara mia nane, imekijua kwa hamsini na nne. Nilitaka kumpigia Injinia hapo hapo.

Mama akaninyooshea mkono wenye bangili. Kitufe hakifikii, mkono wa pili umebanwa. Akasema: bonyeza.

Nikamwambia ngoja kwanza nikuinue. Akasema kuinua baadaye, bonyeza.

Nilikuwa nazihesabu, sijui kwa nini. Kumi na nane. Kumi na tisa. Mama hajawahi kuniomba kitu mara ya tatu maishani mwake. Ishirini na sita, nikabonyeza.

Kijani.

Nikamwinua, nikamkalisha kitandani. Kiwiko kimeanza kuvimba. Nimesema twende hospitali, amesema hospitali wataniuliza namba ya mwanangu mkubwa. Nimeweka kitambaa chenye maji baridi. Amesema vizuri, sasa malizia balbu yako. Nimemalizia balbu.

Saa tisa na dakika hamsini Injinia akaandika kwenye simu: nimeona imewaka, kisha imefutwa. Ilikosea kweli, au alianguka? Nijibu kabla ya saa kumi na moja, nafunga mafunzo ya mwisho leo, na hiki ndicho kielelezo pekee cha kweli nilicho nacho cha bangili mpya. Hii ndiyo watakayovaa wale kumi na wawili.

Ni swali la neno moja. Nimeligeuza mara ishirini.

Nikijibu ilikosea, mashine itaandika kwamba kwenda chini vile si kuanguka, na itawaonyesha kijani wazee kumi na wawili nisiowajua, ambao nao kiti kitakuwa hatua moja na kitakuwa mbali kidogo. Nikijibu alianguka, Injinia atafuata fomu. Jumapili ile bangili haikuwaka, fomu haikuhusika; leo imewaka. Amekwisha kuniambia fomu haina mjadala: ndugu wa kwanza kwenye orodha anapigiwa. Dada anapanda basi usiku huu.

Na kuna njia ya tatu, kutojibu. Nimeijaribu kwa dakika arobaini. Haijatulia.

Kumi na dakika arobaini na tano. Injinia ameandika tena, alama ya kuuliza tu.

Nimeandika neno. Sijalituma. Niliandika lile la kweli, nikalifuta, nikaandika lingine, nikaona limekuja haraka mno, nikalifuta hilo pia. Sasa nimeandika la kweli tena na dole gumba liko juu ya kioo.

Mama ananiita chumbani. Jioni imeanza kupoa, anataka nimsaidie kuvaa sweta, mkono mmoja umekataa kupanda. Anasema sweta inabana. Ni sweta ya marehemu Baba, tungeingia wawili.