Maji makuu mbele ya Galu

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba bahari ikichafuka, usalama uko karibu na nchi.

Leo ni Jumatano. Mvua inakuja na kuondoka tangu alfajiri, na kusi linavuma hadi madirisha ya nyumba yangu hapa Msambweni yanalia. Nilipotoka kibarazani asubuhi niliona yoti ndogo nyeupe ya wageni ikipita mbali, nje ya mwamba, imelala upande, tanga limepunguzwa. Vijana wawili waliokuwa wakienda dukani walisimama kuitazama.

"Huyu mwendawazimu," mmoja akasema. "Ufuo huu hapa, mbona haji?"

Nilisema moyoni: aliyeshika usukani mle ndani anajua, au ana mtu anayejua. Tangu hapo nimekaa nikijiuliza ni lipi kati ya hayo mawili, na kama la pili ndilo, je, anamwamini mtu huyo?

Mniwie radhi nieleze kidogo, kwani nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na tabia haitoki. Pwani yetu hii ina mwamba unaokwenda sambamba na ufuo kama ua wa nyumba. Ndani ya ua maji yametulia. Nje ni kilindi. Pa kuingilia ni pachache, napo tunapaita milango. Kusi likivuma, linasukuma kila kitu kuelekea nchi. Kule nje wimbi ni kubwa, lakini linakubeba, linakupandisha na kukushusha. Likifika mwambani linapasuka, na ukiwa juu yake nawe unapasuka.

Mimi nimesafiri kwa chombo cha namna ile mara moja tu, miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu kijana. Tulikuwa watu watatu.

Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa Shimoni kwa mjomba wangu. Masika yakavunja daraja njiani, barabara ikafungika. Mke wangu, Mwanasha, alikuwa Mombasa kwa wazazi wake, na mimba yetu ya kwanza ilikuwa imetimiza miezi. Kila nilipolala nilimwota ananiita. Basi nikasikia kwamba Mzungu mmoja mwenye nyumba Galu anaitoa yoti yake hapo Shimoni kuipeleka Kilindini, bandari ya Mombasa, ikatengenezwe, na anatafuta mkalimani wa kuzungumza na rubani wake, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Nitamwita Bwana Penri. Nilikwenda mbio. Akanikubali.

Nilipomwona rubani mwenyewe, nusura nirudi kwa mjomba.

Alikuwa Kombo wa Vanga. Na Kombo ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Mwanasha. Walikaa miaka, hawakujaliwa mtoto, akatoa talaka. Eda ikaisha, nami nikaposa. Si siri wala si aibu, sheria ni sheria. Lakini miezi michache kabla ya safari ile nilikuwa nimeletewa maneno aliyoyasema mbele ya watu kwenye kahawa, kule Majoreni: "Mwalimu kaoa vizuri, na mtoto yuaja, alhamdulillahi. Ila kuogelea hajui."

Ni kweli. Mimi ni mtu wa Kwale, wa milimani. Maji tuliyoyajua utotoni ni ya kuteka.

Sentensi ile nilikuwa nimeichambua kama ninavyowachambulia wanafunzi. Je, "ila" hapa ni ya mzaha au ya kuonya? Na kwa nini aweke shukrani kwa Mungu katikati?

"Mwalimu!" Kombo akaniita nilipokuwa nikipanda na mfuko wangu. "Karibu. Leo utakula chumvi mpaka ukinai."

"Nimekaribia," nikasema, nikakaa mbali naye kadiri yoti ilivyoruhusu. Haikuruhusu sana.

Kabla ya kung'oa nanga, Bwana Penri alitaka kuonyesha kwamba anaweza kuuliza mwenyewe. "Kombo! Maji namna gani leo?"

"Leo maji makuu, Bwana."

"Vizuri sana!" akasema, akasugua mikono.

Niliyasikia hayo na kuyaacha yapite. Tulikuwa tunakwenda Kilindini moja kwa moja, kwa mlango mkubwa unaopitisha meli. Maji yawe makuu au madogo, yalituhusu nini?

Mwanzo upepo ulitusukuma kwa adabu. Tulipokwisha kuipita Funzi, mbingu ya kusini ikafunga, ikawa rangi ya risasi. Kisha lile kusi likaja lote kwa pamoja. Sijui niielezeje yoti katika hali ile. Mashua zetu hukaa juu ya maji. Yoti inajichimbia, kwa sababu chini yake ina pezi zito la chuma, refu kama mtu mzima, linaloizuia isipinduke. Ilikuwa ikipanda mlima wa maji, inasita, inashuka. Tanga la mbele likachanika kwa mlio kama wa bunduki. Maji yakaingia chumbani, vikaelea vikombe, mito na mkate. Tukafua maji kwa sufuria, mimi na Kombo, magoti yakigusana, na kila alipoinua mkono nilitazama mkono.

Bwana Penri alikuwa kwenye usukani. Uso ulikuwa umemwiva, kisha ukawa mweupe, kisha hauna rangi. Hakuwa mwoga. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda kuona mlango wa nyumba yake.

Na akauona. Tulifika mbele ya Galu asubuhi bado haijaisha, mvua ikakatika kidogo, na pale kati ya minazi kulikuwa na paa la nyumba yake. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Shimoni.

"Sisi nakwenda ndani hapa," akasema. "Nyumba yangu hii. Mlango iko, mimi najua. Maji makuu!"

Akavuta usukani, na yoti ikageuza pua kuelekea nchi.

Hapo ndipo nilipoelewa alivyolielewa lile neno.

Maji makuu si maji yaliyojaa. Mtoto wa pwani anajua, lakini hebu nieleze kwa wasomaji wa bara. Maji makuu ni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo bahari hujaa kupita kawaida, na siku hizo hizo hupwa kupita kawaida. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia. Alasiri ile maji yangeufunika mwamba wote, hata yoti mbili zikapita. Lakini alasiri ilikuwa mbali. Bwana Penri alikuwa anaelekea mwambani na lile pezi lake la chuma wakati bahari imetoka kuliko siku zote za mwezi, na upepo nyuma yetu. Ukishaingia katika mlango kama ule upepo ukiwa nyuma, huwezi kurudi.

Nikamgeukia Kombo. Alikuwa anafua maji, taratibu, akinong'ona kaswida. Alikuwa amesikia. Hakuinua macho.

"Kombo, umesikia anakotaka kwenda?"

"Nimesikia."

"Na maji je?"

"Nilimwambia mapema. Kaitika vizuri sana. Bwana mkubwa akisema vizuri sana, mimi nani nimwongezee?"

"Lakini hakuelewa!"

"Mkalimani ni wewe, Mwalimu. Mimi nimeajiriwa kuijua njia."

"Wewe!" Bwana Penri akapiga kelele kutoka usukanini. "Hapana sema lugha yenu! Sema ile mimi nasikia!"

Lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Ile ile aliyodhani anaisema.

Mkono wake mmoja ukaingia ndani ya koti, ukabaki humo. Ilikuwa miaka ya vita vya bara, vya kuwang'oa Wazungu, na Mzungu akiona Waafrika wawili wananong'ona, alihesabu njama. Mpaka leo sijui koti lile lilikuwa na nini. Pengine kiko cha tumbaku tu. Nilichokijua ni kwamba nikisema "usiingie", atadhani rubani amenituma, na rubani akisema, atadhani tumepatana tumpeleke nje kwenye kina kirefu kwa sababu zetu. Na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa namshuku yule aliyekaa goti kwa goti nami kuliko bahari.

Kwa hiyo nikamwuliza, kwa sauti, kusudi wote wasikie hata asiyeelewa.

"Kombo, wataka nife?"

Sufuria ikasimama hewani.

"Tukipiga mwamba hapa, Mwalimu, wadhani mimi nitatembea juu ya maji?"

"Wewe waogelea."

"Mle?" Akaonyesha kwa kidevu ule mstari mweupe uliokuwa ukinguruma mbele yetu. "Mle haogelei hata papa." Kisha akatabasamu, tabasamu la nusu mdomo ambalo sikulipenda. "Haya, mwambie. Tuone kama atakuamini wewe kuliko mimi."

Asingeniamini. Maneno yasingetosha. Nikatazama nchi nikitafuta kitu cha kuona kwa macho.

Nikawaona wanawake.

Walikuwa nyuma ya povu, kanga zimefungwa kiunoni, wameinama na vijiti mikononi. Mvua na upepo havikuwahusu. Bamvua ikitoa maji namna ile, mwanamke wa pwani haachi pweza kwa sababu ya mvua. Walikuwa wanatembea. Walikuwa wanatembea juu ya mwamba, pembeni kabisa mwa ule mlango, na maji hayakuwafika magoti.

Nikamwambia Bwana Penri kwa Kiingereza, polepole, kama ninavyosema na mzazi mwenye hasira: "Bwana, chukua darubini yako. Waangalie wale akina mama. Kisha uniambie wamesimama juu ya nini."

Alinitazama mimi kwanza, muda mrefu kuliko tulivyokuwa nao. Ndipo akauchomoa mkono kutoka kotini. Ulikuwa mtupu. Akachukua darubini.

Sikusikia alichokisema. Nilimwona tu akiusukuma usukani kwa mwili wake wote.

Yoti ikaanza kugeuka kurudi baharini, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu chombo kikigeuka kinalipa wimbi ubavu. "Vuta demani!" Kombo akanguruma. Demani ni ile kamba inayoishika ncha ya tanga. Tukaivuta sote wawili, viganja vikichunika. Kisha nikahisi mkono umenishika ukosi wa koti, nyuma ya shingo, kwa nguvu. Halafu nikaona maji ya kijani juu ya kichwa changu, halafu sikuona kitu.

Wimbi lilipokwisha kupita nilikuwa bado ndani ya yoti. Mkono wa Kombo ulikuwa bado ukosini mwangu.

Angalieni mpangilio. Mkono kwanza. Wimbi baadaye.

Nimeyarudia hayo akilini miaka mingi. Rubani hodari huliona wimbi kabla halijafika, na humshika asiyejua bahari. Hiyo ni maana moja. Maana ya pili mnaijua: mkono ulioshika ukosi unaweza pia kusukuma.

Tuliingia Kilindini jioni haijafika, kwa mlango mpana. Bwana Penri alinipa mkono. Alimpa na Kombo, akasita, akasema, "Maji makuu," akitikisa kichwa. Kombo akamjibu kwa adabu zote, "Vizuri sana, Bwana." Nami akaniambia, "Msalimie Mwanasha," akapotea kati ya wachukuzi.

Mtoto alizaliwa juma lile lile, msichana, mzima. Ilipofika arobaini, Kombo alituma mbuzi kutoka Vanga. Nilimkagua yule mbuzi meno, nikamkagua macho na kwato. Mwanasha alicheka hadi akakaa chini.

"Wamtafuta nini, mume wangu?"

"Natazama umri wake."

"Umri wa mbuzi, au moyo wa Kombo?"

Nilikula baada ya kuona wageni wamekula na wako salama. Alikuwa mnono.

Kombo alitangulia mbele ya haki zamani. Nilisimama katika safu nikamsalia. Mwanasha naye ameondoka. Sina wa kumwuliza, na nadhani hata Kombo angekuwapo angeniambia tena kwamba alinena na akaitikiwa. Ninaamini alijua Mzungu hajaelewa. Alilokusudia kufanya na ujuzi huo, pengine hata yeye hakulijua mpaka alipoishika ile kamba. Moyo wa mtu sina chombo cha kuupimia, na umri huu nimeacha kutafuta.

Lakini neno lina kipimo. Watu watatu walilisikia neno moja asubuhi moja. Mmoja alilisema, mmoja akalishukuru, mmoja akaliacha lipite, na hakuna aliyeombwa kulirudisha. Ingetosha mtu kuuliza pale Shimoni, "Maji makuu maana yake nini, Bwana?" na tungecheka, tukaendelea na safari.

Mvua imeanza tena. Ile yoti nyeupe haionekani, imekwisha kuipita Galu, inshallah kwa nje.

Kama kuna mtu uliyempa maagizo naye akakujibu "sawa", mpigie leo, umwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia.