Mjomba, Giaboksi Haijafa

Mjomba,

Shikamoo. Sijui namna nyingine ya kuanza maneno na wewe.

Leo ni siku ya tatu tangu tukusomee arobaini. Watu walijaa, wa Njinjo walikuja, wa Kilangala walikuja, na pilau ilitosha. Mkazamjomba yuko ndani kwenye eda yake. Anakula kidogo, analala kidogo, na ametukataza kugusa koti lako lililotundikwa nyuma ya mlango. Ningeweza kujaza karatasi nzima kwa habari za namna hii, lakini si hizo zilizonikalisha kuandika. Nimesema jambo juu yako mbele za watu, Mjomba, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Ni habari ya pikapu yako.

Ulipofariki, ufunguo alipewa mpwa wako Shomari, mtoto wa mama mkubwa. Wiki haikuisha, pikapu ikaanza kushtuka. Ikiondoka na kufika mwendo wa mtu wa baiskeli, pale inapojibadilisha yenyewe kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, inapiga kama imegongwa kwa nyuma. Ikipunguza mwendo kwenye tuta, inapiga tena. Ikishakolea barabarani, kimya. Kina mama wanaopanda nyuma na ndoo zao za samaki walimwambia Shomari anaendesha kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

Akaitwa fundi. Alifungua boneti, gari likiwa limezimwa, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imefika kwenye alama. Akasema basi, oili imejaa, ubovu uko ndani, giaboksi imekufa. Kaka yako, mjomba Bakari, akaamua kwamba arobaini ikipita gari liuzwe vipande vipande, kuna mtu wa Dar anachukua. Na neno likaenea Somanga nzima: gari la marehemu lilikuwa zima miaka yote, limefia mikononi mwa Shomari. Akipita penye watu wanamuuliza, "Leo umeua nini?" Alikuwa anacheka nao. Unamjua Shomari anavyocheka akiumia, meno nje, macho chini. Kwetu akaacha kuja kula. Nikaona kwamba gari likiondoka kwa sababu hiyo, yeye atabaki na jina hilo mpaka uzee.

Mimi sikuamini, na si kwamba nilijua magari. Nilikujua wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka shule? Nilikuwa naangalia chini safari nzima, kwa aibu zangu. Ukaniambia, "Profesa, barabara iko mbele, huko chini kuna ndala zangu tu." Sasa, Mjomba, ndala zako ndizo nilizozitazama miaka miwili. Ukishaweka D, gia ya kwenda mbele, hukukanyaga mafuta papo hapo. Ulisoma Bismillahi yote, taratibu, mpaka gari lenyewe linyanyuke kidogo, ndipo ukakanyaga. Nilidhani ni uchaji Mungu tu, kumbe ulikuwa unangoja gia ishike. Na tukifika karibu na nyumba ya mwisho, kabla gia ya pili haijaingia, ndala yako ya kulia ilikuwa inainuka kidogo, halafu inashuka. Kila siku, mahali pale pale. Ulikuwa unalipunguzia gari mafuta ili lisipige.

Nilipokumbuka hilo nilikuwa darasani, kwenye kipindi cha fizikia. Niliacha kuandika. Mwalimu akauliza kama naumwa.

Ulijua. Gari lilikuwa linaumwa wewe ukiwa hai, na ulijua.

Siku hiyo hiyo nikapekua nyuma ya kiti chako. Nikakuta chupa ya maji, ndani yake kuna oili nyekundu ya giaboksi imebaki kidole kimoja. Kumbe ulikuwa unaongeza. Na kama ulikuwa unaongeza, basi ilikuwa inavuja, na tangu uondoke hakuna aliyeongeza.

Shomari nilimfuata gereji ya bodaboda alikokuwa anashinda. Alinisikiliza, akasema, "Zuhura, fundi kapima, imejaa. Wewe na vitabu vyako, gari haliendi shule." Nikamwambia kitabu ninacho, ni cha gari lenyewe. Kile kilichokuwa kwenye droo ya mbele, Mjomba, ambacho ulikuwa unakichana kurasa za mwisho ufungie karanga. Ni cha Kijapani, lakini kina picha. Nilizisoma picha. Moja inaonyesha kijiti kinachomolewa, na pembeni yake gari linatoa moshi, yaani injini inawaka. Picha haikuonyesha gari lililozimwa. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, na fundi alipima hii kwa mazoea hayo. Hii ya giaboksi, injini ikizimwa, oili iliyokuwa inazunguka inarudi chini na kujikusanya, kijiti kinadanganya kwamba imejaa.

Tukaenda kulipima kama kwenye picha. Shomari aliliendesha mpaka likapata moto, akalisimamisha penye tambarare, akakanyaga breki na kupitisha gia zote moja moja, akarudisha P, ya kuegesha, akaacha injini ikiunguruma. Nikafunga ncha za mtandio wangu nyuma ya shingo zisivutwe na feni. Nikachomoa, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa.

Oili ilikuwa imelowesha ncha tu.

Nilifuta kijiti kwenye karatasi ya daftari. Oili ilikuwa nyekundu iliyochakaa, ina rangi ya chai ya rangi, lakini haikuwa nyeusi na haikunuka kuungua. Nikamwambia Shomari, kama ndani kungekuwa kumekufa, tungeona weusi na tungesikia harufu. Alininyang'anya karatasi akainusa mwenyewe, mara tatu, kama anayenunua samaki. Kisha akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari.

Mvujo tuliupata kesho yake. Nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari adhuhuri, alasiri likawa na madoa mawili upande wa rejeta. Mpira unaopeleka oili kupozwa ulikuwa unasuguana na kipande cha chuma, umelika. Kwenye mchanga doa halionekani, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Shomari akatafuta mpira mpya na oili ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti. Tukajaza kidogo kidogo kwa chupa iliyokatwa kitako, tunapima, tunajaza, tunapima, injini ikiwaka wakati wote.

Gari likaacha kupiga. Ungedhani mambo yameisha hapo.

Mjomba Bakari alisema tumelipaka poda. Alisema mwenye kosa amelitia viraka ili gari lisiuzwe. Alilisema hilo siku ya arobaini yenyewe, baada ya dua, wanaume wakiwa kwenye mkeka, mimi nikiwa napitisha birika la kunawia. Shomari alikuwa amekaa mwisho kabisa karibu na viatu.

Mjomba, unanijua. Mimi hata darasani nikijua jibu nanyamaza. Lakini nilisikia sauti yangu inasema, "Mjomba Bakari, gari lilikuwa linashtuka tangu mwenyewe yu hai. Shomari hakuliua."

Shangazi mmoja akanivuta gauni kwa nyuma, akaninong'oneza kwamba marehemu hasemwi, tena siku ya arobaini yake. Najua hasemwi. Nikaweka birika chini.

Mjomba Bakari akaniuliza, pole pole, "Unasema ndugu yangu alitudanganya?"

Nikasema, "Hakudanganya. Alilificha kwa mguu. Nilimwona."

Nikaeleza yote, ndala, Bismillahi ndefu, chupa ya nyuma ya kiti. Nilipofika kwenye Bismillahi nikaona mtu mmoja anatabasamu huku anafuta macho, maana wote waliowahi kupanda na wewe waliikumbuka. Mjomba Bakari akasimama, akavaa viatu, akamwita Shomari. Mwenyewe alikaa mbele upande wa mlango, mimi nikabanwa katikati yao. Aliweka kiganja chake chote juu ya dashibodi, anangoja pigo. Shomari aliondoa gari na mguu wake haukuinuka hata kidogo. Gia ya pili ikaingia. Kwenye tuta ikashuka, ikapanda tena. Tukaenda mpaka mwisho wa kijiji tukarudi, na kile kiganja kikatoka kwenye dashibodi kikalala juu ya paja.

Tuliporudi watu walikuwa bado mkekani. Mjomba Bakari alimkabidhi Shomari ufunguo mbele yao akasema, "Kesho kuna ufuta wa Njinjo wa kubeba. Usichelewe." 

Jioni Shomari alikula kwetu. Alikula sana.

Sasa, Mjomba. Nilikukasirikia siku mbili. Nilijiuliza kwa nini hukusema, wakati mpira wenyewe ni mfupi kuliko mkono wangu. Halafu nikafikiri labda uliogopa hayo hayo yaliyompata Shomari, kwamba ukisema linaumwa, watu watasema liuzwe. Ukaona ulibebe peke yako. Ningekusaidia kupima. Ningeshika tochi. Ningekaa pale... basi.

Hasira imeisha. Nakuombea kila baada ya swala, na naomba unisamehe kama nilikosea adabu. Sidhani kama nilikosea.

Ninakuahidi hili. Oili hii iliyochakaa tutaibadilisha yote kabla ya msimu wa korosho. Nitalipima gari kila Ijumaa, injini ikiwaka, na ninachokiona nitakisema kwa sauti, kwa yeyote aliyepo. Nimeshaanza. Asubuhi, kabla halijapata moto, bado linashtuka kidogo sana. Nimewaambia wote.

Pumzika, Mjomba. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Mpwa wako,
Zuhura