Ndugu Wawili Kwenye Treni ya Kushuka Eidsfjæra

KITUO CHA POLISI VASSNESET
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Borgny Hjellum
Umri: miaka 61
Kazi: kondakta wa treni
Makazi: Eidsfjæra, nyumba za juu ya gati
Yameandikwa: 18 Desemba 2017, saa nne asubuhi
Mwandishi: Afisa Oddvar Klungtveit

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe baada ya kupigiwa simu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale nilipoambiwa na mtu mwingine nitasema nimeambiwa.

Nafanya kazi kwenye reli inayotoka Hallskar, stesheni ya juu mlimani, kushuka mpaka Eidsfjæra, kijijini kwetu, pale fjordi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, inapoishia. Majira ya baridi abiria wengi ni watalii wanaokuja kutazama theluji. Wenyeji ni wachache na nawajua karibu wote.

Sjur Rudsgjerd namjua tangu nikiwa msichana. Ana miaka 79, hakuoa, anaishi peke yake kijijini. Kila Alhamisi hupanda treni ya asubuhi kwenda kumtazama kaka yake Anfinn katika makao ya wazee kule juu, na hurudi na treni ya mchana. Anfinn ana miaka 82. Kumbukumbu zake zimekuwa zikipotea kidogo kidogo, na mtoto wake wa pekee, Vidar, alimpeleka huko miaka miwili iliyopita.

Mnamo tarehe 14 Desemba, siku ya Alhamisi, niliingia kazini alfajiri. Mwenzangu alikuwa anaumwa, kwa hiyo mabehewa yote yalikuwa yangu. Treni ya mchana iliondoka Hallskar saa nane na dakika tano. Nilipofika behewa la nyuma kukagua tiketi nilimkuta Sjur, na kando yake, dirishani, amekaa Anfinn.

Nilisema, "Mzee Sjur, leo umekuja na mgeni."

Akajibu, "Mgeni ni wewe, binti. Huyu alipanda treni hii kabla hujazaliwa."

Sjur huniita binti mpaka leo, ingawa nakaribia kustaafu.

Nilimsalimia Anfinn. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyowatazama wapita njia. Alikuwa amevaa koti la zamani la Sjur, linamzidi mabega, na miguuni alikuwa na sapatu za kuvalia ndani. Nilimuuliza Sjur viatu viko wapi.

"Viko kabatini, kabati lina ufunguo, na ufunguo anao nesi," alisema. "Ningeuomba, wangeniuliza tunakwenda wapi."

"Na mnakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kulala usiku mmoja. Kesho namrudisha."

Hapo nilielewa kwamba hakuwa na ruhusa. Nilimletea Anfinn blanketi nikaendelea na tiketi. Nilikuwa nimechoka, na nilidhani hilo ni jambo la kifamilia, wataelewana wenyewe.

Haikupita nusu saa nikapigiwa simu na waongoza treni. Waliniuliza kama nina mzee aliyetoroshwa kutoka makao ya wazee. Nilisema ninaye. Wakampa Vidar namba yangu, naye akapiga hapo hapo.

"Usiwaruhusu washuke," alisema. "Baba hajui hata yuko wapi."

Nilimwambia katikati hapa hakuna pa kushukia isipokuwa mlimani, na kwamba atawakuta chini.

"Nitakuwepo," alisema. "Na polisi watakuwepo."

Nilirudi kumwambia Sjur. Hakushtuka. Aliuliza, "Amekasirika?"

"Sana."

"Ana haki. Hata mimi ningekasirika." Kisha akashusha sauti. "Ile nyumba ya wazazi wetu ameiuza, Borgny. Mwenyewe mpya anaingia baada ya Krismasi, anataka kuweka watalii. Na huyu kila Alhamisi ananiuliza tunarudi lini nyumbani. Kila Alhamisi namwambia wiki ijayo. Nimechoka kumdanganya."

"Ungemweleza Vidar."

"Nilimweleza. Akasema hata tukimpeleka, baba hatakumbuka. Nikamwambia, mimi nitakumbuka."

Anfinn aligeuka kutoka dirishani. "Nani amekasirika?"

"Hakuna, kaka. Kunywa kahawa."

"Kahawa yako ni maji ya kuoshea vyombo," Anfinn alisema, akanywa. Walionekana kama watu wawili walio safarini, basi. Kama kulikuwa na ugomvi kati yao mimi sikuuona.

Treni ilisimama Kvernagil, penye maporomoko ya maji. Wakati huu wa mwaka maji yote yameganda, yananing'inia kwenye mwamba. Kwa kawaida tunafungua milango dakika chache watu wapige picha, na nilifungua kama siku zote. Kabla sijaita watu warudi ndani, dereva, Arnstein, alinijulisha kwamba theluji imeporomoka ikafunika reli mbele ya handaki la chini. Ilibidi tusubiri hapo mpaka mashine ije kuizoa.

Nilipita behewa moja baada ya jingine nikiwaeleza watu. Wengine waliuliza habari za boti, wengine habari za basi. Bwana mmoja alitaka kujua kama kuchelewa kule kunakuja na chakula. Nilikuwa bado namjibu bwana huyo, Sjur akatokea nyuma yangu, kichwa wazi.

"Umemwona Anfinn? Nilifumba macho kidogo tu."

Tulitazama vyooni na mabehewa yote. Hakuwemo. Sjur hakunisubiri, akashuka. Nilichukua tochi, nikamwita Arnstein, nikamwomba mwanamke mmoja wa Kikorea, mtu mzima mwenye utulivu, asimame mlangoni asiruhusu mtu mwingine kutoka. Yapata saa tisa na nusu mwanga ulikuwa unakwisha na upepo umeanza. Jukwaani nyayo zilikuwa nyingi mno, za watu wa picha. Mwisho wa jukwaa tuliona nyayo za buti, na kando yake alama pana zisizo na kisigino. Mbele kidogo upepo ulikuwa umeshazifuta. Tulikosea njia mara moja, tukarudi, tukapoteza muda.

Pale Kvernagil kuna njia ya zamani ya mbuzi inayoteremka kijijini. Majira ya baridi hufungwa kwa mnyororo. Tulisikia sauti ya Sjur ng'ambo ya mnyororo kabla ya kumwona. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliye mezani.

Anfinn alikuwa amekaa kwenye theluji, mgongo kwenye jiwe. Miguuni alikuwa na buti za Sjur, zimefungwa kamba vizuri; sapatu hazikuonekana. Sjur alikuwa amepiga magoti mbele yake, na soksi tu, zimelowa zikawa ngumu.

"Amekataa kuja," aliniambia. "Nimemvuta, nimeshindwa."

Anfinn alisema, "Mbuzi hawajaingia bado."

Umeniambia niseme kila kitu, kwa hiyo hili pia nalisema. Nilimdanganya. Nilimwambia, "Wameingia wote, mzee. Nimefunga mlango mwenyewe."

Alinitazama kwa makini. "Na yule wa pembe moja?"

"Huyo ndiye aliyetangulia."

"Ndiyo tabia yake," alisema, akainuka.

Arnstein alimshika Anfinn. Mimi nilimpa Sjur bega langu. Alikanyaga kama mtu anayekanyaga kwa miguu ya mtu mwingine.

Ndani ya behewa tulimvua soksi. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Nilimuuliza kama vinauma, akasema haviumi hata kidogo, nikajua hali si nzuri. Yule mama wa Kikorea alivua skafu yake ya sufu, akamfunga miguu bila kuuliza mtu. Watu wakatoa chokoleti, mikate, glavu. Arnstein aliomba gari la wagonjwa litusubiri chini. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kufanya ila kukaa.

Tulikaa muda mrefu. Anfinn alikula vizuri. Baadaye aliiona miguu ya ndugu yake.

"Sjur, viatu vyako viko wapi? Mama atakugombeza."

"Nimekuazima, kaka."

"Mimi sikuviomba."

"Najua hukuviomba," Sjur alisema. Alicheka kidogo, halafu akageuzia uso upande wa kiti. Nilijifanya nakunja blanketi.

Tulifika Eidsfjæra saa kumi na moja na nusu jioni. Jukwaani walikuwepo Vidar, askari mmoja wa kituo hiki na wahudumu wawili wa afya. Vidar alipanda kabla watu hawajaanza kushuka. Alimpita baba yake, akasimama mbele ya Sjur.

"Ungemuua, baba mdogo."

"Ndiyo," Sjur alisema. "Ningeweza."

Hakutaja viatu, wala Vidar hakutazama chini. Wahudumu walimpima Anfinn wakasema hana shida. Sjur walimbeba kwa machela mpaka boti ya wagonjwa, kwa sababu barabara ya kwenda Vassneset nayo ilikuwa imefungwa na theluji muda mfupi kabla. Askari aliandika majina yetu akaondoka nao.

Kwa hiyo Vidar na baba yake walibaki kijijini. Hoteli hufungwa majira haya. Niliwaambia kwangu kuna nafasi, ila Vidar alisema funguo za nyumba ya zamani anazo mfukoni na hataki kusumbua mtu. Niliongozana nao. Njia ilikuwa barafu tupu, na mtu mmoja asingeweza kumshika mzee akamfikisha.

Vidar alifungua mlango. Ndani giza. Alikuwa anapapasa ukuta kutafuta swichi pale Anfinn aliponyoosha mkono nyuma ya mlango, chini kidogo, akawasha taa. Hakupapasa. Vidar aligeuka akamtazama baba yake.

Jikoni kulikuwa kutupu. Meza, viti, saa ya ukutani, vyote vilikuwa vimeondolewa. Kilichobaki ni jiko la kuni, kwa sababu limejengewa. Anfinn alisimama katikati akazunguka polepole. Kisha akamgeukia Vidar, akasema kwa adabu kabisa, kama mwenye nyumba anavyosema na mgeni:

"Utatusamehe, kijana. Hatuna pa kukukalisha. Inaonekana wezi wamepita."

Vidar aliweka mkono mdomoni. Anfinn akaniuliza mimi, "Huyu analilia nini?" Nikasema amesafiri siku nzima, amechoka.

"Basi mwashieni moto," Anfinn alisema.

Niliwasha kwa vipande vya mbao nilivyovikuta kibarazani. Vidar alivua koti lake akalitandika mbele ya jiko, akamkalisha baba yake, naye akakaa. Nilipoondoka Anfinn alikuwa anamweleza namna ya kufungua mlango wa moshi ili jiko lisijaze nyumba. Vidar alikuwa anasema, "Ndiyo, baba," na Anfinn hakumkosoa kwa kuitwa hivyo.

Ijumaa asubuhi walipanda treni ya kwanza, ambayo pia ilikuwa yangu. Anfinn alikuwa bado amevaa buti za Sjur. Alilala njia nzima. Vidar alinifuata kwenye nafasi ya kondakta akaniuliza viatu vile ni vya nani. Nilimweleza yote kama ninavyowaeleza ninyi. Aliniuliza pia kama baba yake mdogo alisema lolote juu yake. Nilimwambia, alisema una haki ya kukasirika.

Jumapili Vidar alinipigia simu. Aliniambia Sjur amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, na kwamba yeye Vidar alikuja hapa kituoni kufuta malalamiko yake dhidi ya Sjur. Aliambiwa kesi hii sasa si yake, mtu aliyechukuliwa kutoka kwenye uangalizi ni suala la serikali. Sijui sheria, siwezi kubishana nalo.

Umeniuliza kama Anfinn alilazimishwa kusafiri. Sikuona nguvu yoyote. Umeniuliza kama alikubali. Sijui kama anaweza kukubali jambo kwa namna mnayotaka ninyi, na sitasema kwamba naweza kujua. Umeniuliza kama Sjur alimweka hatarini. Ndiyo, alimweka. Mtu hatolewi nje mwezi wa Desemba na sapatu, na mimi niliyefungua mlango Kvernagil nikijua kwamba mzee wa namna hiyo yuko ndani, sijalala vizuri tangu siku ile. Lakini umeniuliza pia alikuwa katika hali gani nilipomwona mara ya mwisho usiku ule. Alikuwa kwao, karibu na moto, anamfundisha mtoto wake kazi.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Haya niliyoyasema ndiyo maelezo yangu, na nitayarudia mbele ya yeyote atakayeniuliza.

(Sahihi) Borgny Hjellum

Kumbukumbu ya afisa: Maelezo haya yamesomwa kwa sauti mbele ya shahidi, naye ameyathibitisha. Katika sehemu tatu nilikuwa nimeandika "mgonjwa". Shahidi aliomba nifute neno hilo na niandike Anfinn. Nimefuta. Ameondoka saa sita kasorobo kuwahi zamu ya mchana.
O. Klungtveit